Barua ya wazi kwa Wizara ya Katiba na Sheria: usuluhishi wa biashara ushuke mpaka sokoni

Waheshimiwa viongozi wetu wa Wizara ya Katiba na Sheria, na nyie mnaosimamia kituo cha usuluhishi kilichoanzishwa na sheria ya 2020, na wenzetu wa chemba ya biashara pia maana hili linawahusu, habari za kazi.

Mimi nauza mchele Tandale hapa Dar es Salaam, huu mwaka wa kumi na saba. Sio mwanasheria na sijasomea, vitu vya sheria nitakavyoandika humu nimevijua kwa kuumia na kwa kuuliza uliza, kwahiyo mtaniwia radhi nikitaja kitu kwa jina la mtaani. Naandika kwa sababu usuluhishi wa migogoro ya biashara, ule mawakili wanaouita abitresheni, kila semina naambiwa ni wa haraka na wa bei nafuu kuliko mahakama, na mimi ulinichukua miezi kumi na nne na hela za ada ya watoto zikaenda humo. Na bado naamini ni kitu kizuri, hilo niliseme mapema msije mkaacha kusoma mkidhani nimekuja kulalamika tu.

Nianze na kitu ambacho kila mtu wa Tandale anakijua. Mzigo ukiingia na mnunuzi akagoma, akasema huu sio mchele tuliokubaliana, hamna anayekimbilia polisi wala mahakamani, anaitwa mzee mmoja au wawili wa nafaka, watu ambao wamekaa na magunia tangu enzi za lumbesa, na kuli anakuja na bambo. Kwa asiyejua, bambo ni kile chuma chenye mdomo uliochongoka na tundu katikati, unalichoma kwenye gunia pembeni mchele unatiririka wenyewe kwenye kiganja bila kufungua kamba. Mzee anachoma gunia la juu, la katikati, la chini kabisa, anaweka kwenye sinia, anapuliza, anatenga chenga, yaani punje zilizovunjika, upande huu na nzima upande ule kwa kidole kimoja, anatafuna punje mbili tatu kusikia kama umekauka. Wote mnaangalia. Mwaka 2019 nilikuwa na ugomvi wa namna hiyo na kaka mmoja aliyeniletea mzigo wa Ifakara gunia 60, mimi nasema umechanganywa, yeye anaapa kwa marehemu mama yake. Mzee alichoma gunia 11, tisa zilikuwa safi mbili zimechanganywa, akasema zile zilizochanganywa zote zitolewe kwa kuchoma moja moja, zikapatikana 14, hizo bei ishuke kwa shilingi 300 kwa kilo na zilizobaki zilipwe bei ile ile. Tulianza baada ya swala ya adhuhuri, jioni kaka ameshalipwa na Fuso limeondoka. Huyo kaka nafanya naye biashara mpaka leo.

Ule ni usuluhishi wa biashara waheshimiwa. Mwamuzi mliyemchagua wenyewe, anayeijua bidhaa, anaona ushahidi kwa macho, anatoa uamuzi siku hiyo hiyo na wote mnaukubali. Kilichokosekana pale ni karatasi tu. Sheria inataka makubaliano ya usuluhishi yawe ya maandishi, na sisi tulikubaliana kwa mdomo, kwahiyo yule kaka angegeuka kesho yake nisingekuwa na pa kwenda na uamuzi wa mzee.

Sasa niwaeleze upande wa pili. Mwishoni mwa 2022 nilipata oda kubwa kuliko zote maishani mwangu, kampuni moja inayosambaza vyakula mahotelini na kwenye maduka makubwa, siitaji jina. Gunia 240 za kilo mia mia, tani 24, kwa shilingi 2,400 kwa kilo, jumla milioni 57 na laki 6. Wakatanguliza milioni 20. Mkataba ulikuja kwa imeili, kurasa 14, wote Kiingereza, nikaprinti stesheneri hapo jirani nikasaini kila ukurasa kama nilivyoelekezwa, nilichoangalia ni kilo, bei, tarehe ya kupeleka na siku za malipo. Ndivyo tunavyosoma mikataba wengi wetu, nasema ukweli, na sidhani kama nyie hamjui.

Mzigo ukapokelewa, karatasi ya delivari ikagongwa muhuri, wiki tatu baadaye naambiwa chenga zimezidi kiwango cha mkataba kwenye baadhi ya magunia, wakati huo mchele wangu wanaendelea kuusambaza. Nikasema sawa, twendeni tukachome bambo, tutenge yenye shida tushushe bei. Hawakutaka. Milioni 37 na laki 6 zikakaa kwao zote, hata za yale magunia ambayo wao wenyewe hawakuyalalamikia.

Nikaenda mahakamani na wakili, dada mmoja mchapakazi sana. Kabla hata hawajajibu madai yangu wakili wa upande wa pili akaleta ombi kwamba shauri lisimame kwa sababu mkataba una kipengele cha usuluhishi, ukurasa wa 11, na ni kweli kilikuwepo, sahihi yangu iko chini yake. Hakimu akasoma akasimamisha. Hakukosea hata kidogo, ndivyo sheria inavyomtaka, kama mlikubaliana kwenda kwa msuluhishi basi mahakama inakaa pembeni. Mimi nilitoka pale nimefurahi! Yaani nilimwambia dada wakili kwamba heri, tunaenda kusuluhishwa, tutakaa mezani tutaongea yaishe. Akaniangalia akaniambia mama, huko sio kuongea yaishe, huko ni kesi, uamuzi ukitoka umetoka.

Naomba mnisikilize vizuri hapa kwenye neno, maana watu wengi wanaangukia hapa. Sheria yetu ya 2020, ile iliyofuta ya mkoloni ya 1931 na ikaanza kutumika Januari 2021, kwa Kiswahili tunaiita Sheria ya Usuluhishi. Humo msuluhishi ni mtu anayesikiliza ushahidi halafu anatoa tuzo, yaani uamuzi wake, na tuzo inafunga, huwezi kuikatia rufaa kwa kuwa tu hujaipenda, mahakama inaigusa kwa sababu chache sana kama msuluhishi hakuwa na mamlaka au utaratibu uliharibika vibaya. Lakini nenda kwenye migogoro ya kazi, kule CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kule usuluhishi ni ile hatua ya kwanza ya kuwakalisha chini mpatane wenyewe, na ile ya kuamuliwa inaitwa uamuzi, jina la tume lenyewe limetenganisha. Na ukienda mahakamani kabla kesi ya madai haijaanza kusikilizwa mnapelekwa tena kwenye usuluhishi, na ule nao ni wa kupatanishwa, mkishindwana mnarudi kwa jaji. Na hata Katiba ibara ya 107A inaposema mahakama zikuze usuluhishi baina ya wanaogombana, mwananchi wa kawaida anaelewa kupatana, haelewi kuhukumiwa hotelini na watu watatu. Neno ni moja, vitu viwili tofauti kabisa, kimoja unaweza kusimama ukaondoka na kingine ukiondoka wanaendelea bila wewe. Wakenya kwenye hili afadhali, kupatanisha wanakuita upatanishi. Sisi nani wa kutuamulia neno kama sio nyie wizara? Chagueni, upatanishi uwe upatanishi, usuluhishi uwe usuluhishi, au tumieni uamuzi kama CMA, lakini kwenye fomu zote na sheria zote liwe neno lile lile.

Basi tukaenda. Mkataba ulisema wasuluhishi watatu, kila upande anachagua mmoja na hao wawili wanamchagua mwenyekiti. Sheria yenyewe ikikuta mkataba uko kimya inatosheka na msuluhishi mmoja, watatu ni watu ndio wanajiandikia, na ukiuliza kwanini ni kwa sababu mkataba umenakiliwa kutoka kwenye mkataba wa mgodi au wa barabara. Nikaambiwa nitangulize milioni 9 fungu langu la ada za wasuluhishi, ukumbi tugawane, wakili wangu juu. Deni langu ni milioni 37 na laki 6. Piga hesabu mwenyewe. Na usipotoa fungu lako kinasimama chombo chote, na mwenye hela mkononi mwake akikaa kimya mwaka mzima hana hasara yoyote, mimi ndiye nadaiwa Mbarali na wakulima wanaonipigia simu saa kumi na mbili asubuhi.

Kikao cha kwanza cha maana kilifanyika baada ya miezi saba. Ukumbi mdogo wa hoteli, kiyoyozi, chupa za maji, wazee wawili wastaafu wenye heshima zao na mhandisi mmoja. Sina neno baya juu yao walikuwa watu wastaarabu kweli. Kiliendeshwa kwa Kiingereza kwa sababu mkataba ulisema lugha ni Kiingereza. Bunge hili hili la kwetu mwaka 2021 lilibadilisha sheria lugha ya mahakama na mabaraza ya kutoa haki iwe Kiswahili, watu tukashangilia, kwenye Mahakama ya Mwanzo hata kabla ya hapo mtu alijieleza kwa Kiswahili mpaka mwisho, lakini mimi kwenye shauri la mchele wangu mwenyewe, Mtanzania kwa Mtanzania, mchele wa Mbarali uliouzwa Dar, nilikaa nasubiri wakili aninong'oneze nini kimesemwa. Halafu ikaja sampo. Nilikuwa nimetunza mfuko wa kilo mbili wa mzigo ule, nimeuandika tarehe, nimeufunga kwa kamba ya katani. Nilipoufungua pale mezani wadudu walitoka, wale weusi wadogo, wakatambaa kwenye kitambaa cheupe cha meza ya hoteli, mhudumu akaja na kitambaa kingine kupangusa. Miezi saba mchele bila dawa utakuwaje? Hakuna aliyeugusa. Mhandisi aliuliza kwa upole kabisa chenga ni nini.

Sio kosa lake jamani, angeniuliza mimi nondo za milimita 16 na 12 ningejuaje. Kosa ni la aliyepanga kwamba mgogoro wa chenga uende kwa mtu asiyewahi kununua gunia.

Mwezi wa kumi na nne tulimalizana nje, milioni 21, nikasaini sina madai tena. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Ukitoa fungu la wasuluhishi na wakili na nauli, kilichoingia mfukoni nilikaa nacho siku mbili tu kikaisha kwa wakulima.

Sasa kwanini bado nasema ni kitu kizuri. Kwanza kwa sababu ya mipaka. Sisi watu wa nafaka mzigo wetu unavuka, unaenda Nairobi, Kampala, Kigali, Bujumbura, mpaka Lubumbashi. Hukumu ya mahakama ya Kisutu ukiibeba kuipeleka nchi ya watu kukamata mali ya mdaiwa ni shughuli nzito, lakini tuzo ya msuluhishi ina njia yake kuna mkataba wa kimataifa wa New York wa 1958, sisi tuliingia 1964, Kenya 1989, Uganda 1992, Rwanda 2008, Burundi na Congo zote 2014. Maana yake tuzo iliyotolewa Dar inaweza kupelekwa mahakama ya Kampala ikatambuliwa na kukaziwa, yaani mdaiwa akalazimishwa kulipa. Hii ni silaha kubwa sana kwa mfanyabiashara na wenzangu tisa kati ya kumi wanaovusha mzigo hawajui kama ipo. Arusha pale Mahakama ya Afrika Mashariki nayo ina mamlaka ya kusuluhisha mikataba ya biashara kama wenye mkataba mmeandika hivyo, nani aliwahi kuja Tandale akatuambia? Pili, usuluhishi ni wa siri, haukuvui nguo mbele za wateja wako, na mkimaliza mnaweza kuendelea kuuziana. Tatu unamchagua mwamuzi anayeijua kazi, na hiyo ndiyo faida kuliko zote, ila ndiyo sisi wadogo tunanyimwa.

Na serikali haiwezi kusema haijui kipengele cha usuluhishi kinavyouma. Nani amesahau ile kampuni ya umeme ya Dowans? Mkataba wa umeme wa dharura wa 2006 ulioanzia kampuni ya Richmond ukahamia Dowans, ukamng'oa Waziri Mkuu Lowassa Februari 2008, Tanesco wakavunja mkataba, kumbe humo ndani kuna kipengele kwamba ugomvi uende kusuluhishwa ICC, ile chemba ya biashara ya kimataifa, na Novemba 2010 ikatoka tuzo ya kama shilingi bilioni 94, nchi nzima ikapiga kelele lakini kipengele kilishasainiwa. Tukafika 2017 Bunge likatunga sheria ya mamlaka ya nchi juu ya utajiri na maliasili, kwamba migogoro ya maliasili isipelekwe nje iamuliwe na vyombo vya hapa hapa. Na baada ya hapo bado tumelipa, ile kampuni ya Indiana ya Australia ya mradi wa nikeli wa Ntaka Hill ilipata tuzo ya dola milioni 109 mwaka 2023 tukamalizana nao 2024 kwa dola milioni 90. Nakumbusha hayo kwa sababu serikali yenye mawakili wake, yenye Mwanasheria Mkuu, ilisaini vipengele ambavyo baadaye ilivijutia, ikajilinda kwa sheria. Haki hiyo hiyo ya kulindwa naiomba kwa mama anayesaini kurasa 14 juu ya bodaboda, yeye hana Bunge la kumtungia.

Ninachoomba hakihitaji kuvumbua kitu kipya, mashine mnazo tayari. Mfanyakazi akifukuzwa kazi kesho anaenda CMA bila kulipa ada, ofisi ziko mikoani, msuluhishi ana siku 30 za kujaribu kuwapatanisha, ikishindikana wanaenda kwenye uamuzi na uamuzi unakaziwa kama wa mahakama. Hiyo mashine mliijenga nyie kwa sababu mliona mfanyakazi na mwajiri nguvu hazilingani. Mimi na ile kampuni nguvu zetu zililingana wapi? Basi jengeni chumba kama hicho cha biashara ndogo. Wekeni kiwango, labda madai yasiyozidi milioni 50, mtajua nyie, chini ya hapo msuluhishi awe mmoja tu hata kama mkataba umeandika watatu, ada iwe imebandikwa ukutani kama bei ya nauli, lugha Kiswahili kama mmoja kati yao anataka, na siku zihesabiwe. Wenzetu Kenya wana mahakama yao ya madai madogo tangu 2021, mwisho shilingi milioni moja ya kwao na sheria inataka shauri liishe ndani ya siku 60. Ile ni mahakama sio usuluhishi naelewa, lakini imeonyesha siku zinaweza kuandikwa kwenye sheria.

Kingine ni nani anaruhusiwa kuamua. Kanuni za 2021 zinataka wasuluhishi na wapatanishi wapewe ithibati, na hilo ni jema, hatutaki matapeli wenye mihuri. Lakini angalieni nani anapata hiyo ithibati, ni mawakili, wahandisi, wakadiriaji majenzi, majaji wastaafu. Watu wa ujenzi wana bahati, Baraza la Taifa la Ujenzi lipo tangu sheria ya 1979 na lina kanuni zake za usuluhishi, mkandarasi akigombana na mwenye jengo anaamuliwa na mtu anayejua zege. Kwanini nafaka isiwe hivyo? London wafanyabiashara wa nafaka wana chama chao, GAFTA, wanaamuana wenyewe kwa wenyewe mpaka leo, msuluhishi kule ni mtu wa nafaka, na kuna mashauri ya ubora yanaamuliwa kwa kuangalia sampo iliyofungwa na kupigwa lakiri pande zote zikiwepo wakati wa kushusha mzigo. Ukiisoma hiyo unaona ni bambo la Tandale, tofauti wao wameliandika kwenye karatasi. Wapeni wazee wetu mafunzo ya wiki mbili tatu, namna ya kusikiliza pande mbili, namna ya kuandika uamuzi wa ukurasa mmoja na sababu zake, muwape ithibati ya daraja lao, mashauri ya ubora wa bidhaa tu na kiwango cha chini. Na sio nafaka peke yake, Kariakoo kuna watu wanajua spea za gari kwa kushika, Feri kuna wanaojua samaki wa jana na wa juzi, Mwenge wanajua mpingo halisi.

Kuna wakili mmoja nilimwambia haya akanijibu mama hao wazee watapendeleana. Ana haki ya kusema hivyo na mimi nimeyaona. Nimewahi kuona mzee akimwamulia shemeji yake, nimewahi kuona mwanamke mgeni sokoni anazungushwa mpaka anaacha mzigo wake kwa bei ya kutupa kwa sababu mwamuzi na mnunuzi wanakunywa kahawa kijiwe kimoja. Ndio maana siwaombi mtuachie mambo kama yalivyo. Naomba sheria ile ile inayomtaka msuluhishi mkubwa aseme kama ana uhusiano na mmoja wa wagomvi imfikie na mzee wa soko, na kila upande uwe na haki ya kumkataa mara moja bila kueleza, na orodha iwe na wanawake maana nusu ya wauza nafaka pale ni wanawake na kwenye viti vya kuamua simwoni hata mmoja. Na uamuzi ukiandikwa, nakala isiyo na majina ibandikwe mahali. Hukumu za mahakama leo unazisoma bure kwenye mtandao wa TanzLII, lakini tuzo zinafungiwa kabatini, kwahiyo yaliyonipata mimi mwenzangu hawezi kujifunza hata akitaka.

Na hicho kipengele chenyewe. Mkataba wa Kiingereza kati ya Watanzania wawili, thamani ndogo, kipengele cha kumtoa mtu mahakamani kimelala ukurasa wa 11 katikati ya mambo ya mafuriko na vita. Wekeni kanuni kwamba kipengele cha usuluhishi kwenye mikataba hiyo kiandikwe kwa Kiswahili, kiwe ukurasa wa mwisho juu ya sahihi, kiseme waziwazi kwamba ukisaini hapa hutaenda mahakamani, utaamuliwa na msuluhishi, makadirio ya gharama ni haya. Mawakili wa makampuni watasema watu wana uhuru wa kukubaliana wanavyotaka, sawa, lakini uhuru unaanza pale mtu anapojua anakubali nini. Kama mimi ningeliona lile neno na ile ada siku ile, ningesema hapana tuandike msuluhishi mmoja wa nafaka, na nadhani wangekubali, walikuwa wanahitaji mchele.

Mimi sikukaa kusubiri. Tangu yale yaishe nina karatasi yangu moja, dada wakili alinisaidia kuiandika, Kiswahili, mistari 12. Inasema tukigombana juu ya ubora tutachagua mtu mmoja wa nafaka tunayemkubali wote, atachoma bambo ndani ya siku tatu tangu mzigo kushuka na sampo tatu zitafungwa mbele yetu, moja yangu moja yako moja yake, ataandika uamuzi siku hiyo, ada yake ni laki moja tunagawana, na uamuzi utakuwa tuzo. Naiambatanisha kwenye kila oda inayozidi gunia 50. Wengi wanasaini, kampuni mbili zimekataa nikaziacha na mzigo nikaupeleka kwingine. Imeshatumika mara nne, zote ziliisha kabla ya magharibi. Ila mzee anayetuamulia hana ithibati, na siku mtu mwenye wakili mkali akiigomea ile tuzo mbele ya jaji sijui itasimama au itaanguka, na hata dada wakili hanihakikishii.

Hilo ndilo nawaomba mlijibu, na sio kwa barua. Tumeni mtu wenu, afisa yeyote anayeshughulika na usajili wa wasuluhishi, aje Tandale siku ya Jumanne au Ijumaa ndio mizigo ya Mbeya na Morogoro inashuka, aje mapema kabla jua halijawa kali, aulize stoo ya mama wa mchele wa Mbarali karibu na mizani kubwa ataonyeshwa. Nitamwekea kiti. Akae aangalie mzigo ukibishaniwa, aangalie sinia, asome ile karatasi ya mistari 12 aniambie mstari gani urekebishwe ili mheshimiwa jaji aukubali. Kalamu nitakuwa nayo.

Wenu,
mama wa mchele, Tandale